MAELEZO KUHUSU KUJITOA KATIKA UNUNUZI WA NYUMBA MPYA UINGEREZA

Wananchi wenye nia ya kununua nyumba mpya katika England na Wales, au wenye jamaa wanaonunua huko, wanaelezwa kwamba kukubaliana bei siyo kununua. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1989, mapatano ya kuuziana nyumba hayana nguvu mpaka yawe ya maandishi, yenye masharti yote na saini za pande mbili. Kwa desturi, mawakili hubadilishana nakala za mkataba zilizotiwa saini. Kabla ya hapo mnunuzi anaweza kujitoa bila ya kudaiwa fidia, na mjenzi vile vile.

Hata hivyo, kujitoa si bure. Ada ya wakili kwa kazi iliyokwisha fanywa na gharama za ukaguzi kwa kawaida hazirudi. Ama ada ya kuwekewa nyumba, wajenzi wanaofuata Kanuni za Ubora wa Nyumba Mpya huirejesha yote iwapo mnunuzi atajitoa ndani ya siku 14 tangu kutia saini makubaliano ya kuwekewa. Baada ya hapo mjenzi anaweza kukata gharama zake halali.

Mikataba ikishabadilishwa, anayejitoa huweza kupoteza arubuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na kudaiwa zaidi. Kwa hivyo, mwenye shaka juu ya mkopo, ujenzi au tarehe ya kukabidhiwa nyumba anashauriwa asikubali kuharakishwa, na akiamua kujitoa amwarifu wakili wake mapema kwa maandishi.