Kipande kilichotupwa ndicho kilichotunza rangi



Sinema mnaijua. Wazee wetu walikaa jioni mbele ya kitambaa cheupe, wakaangalia filimu za mafunzo: namna ya kuchemsha maji, namna ya kujikinga na mbu, namna ya kufanya kazi bila kuumia. Filimu ilikwisha kwa dakika kumi hivi, watu wakarudi nyumbani.

Lakini je, umekwisha kujiuliza jambo hili? Mpiga sinema hakupiga dakika kumi tu. Alipiga dakika nyingi zaidi, kisha fundi akakata, akachagua, akaunganisha. Vile vipande alivyovikata, vilikwenda wapi?

Jibu lake lina faida kwetu sote. Tusikilize habari hii, inayotoka Marekani.

FILIMU ZA SHULE

Tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1970, Marekani ilitengeneza filimu nyingi sana za mafunzo. Kampani moja kubwa iliitwa Coronet. Mwenyewe alikuwa David Smart, mtu wa magazeti, na nyumba yake ya sinema ilikuwa Glenview, karibu na Chicago. Filimu zake zilifundisha vijana hesabu, historia, adabu, afya. Moja iliyojulikana sana ni Shy Guy ya mwaka 1947: kijana mwenye haya afundishwa namna ya kuishi na wenzake. Huko Lawrence, katika jimbo la Kansas, kampani Centron ilitengeneza filimu za shule na za viwanda pia. Hata ofisi ya serikali ya migodi, Bureau of Mines, ilikuwa na filimu zake juu ya madini, na iliziazima shule na vyama bila malipo.

Filimu hizi zilikuwa na upana wa milimita 16. Futi 400 zinapita katika mashini kwa dakika 11. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kama mpiga sinema alipiga mara nne ya urefu huo, alitumia futi 1,600. Futi 400 zikaenda shuleni. Futi 1,200 zikabaki katika kikapu cha fundi.

Kuna nini katika futi hizo 1,200? Kuna kibao chenye namba, kinachoshikwa mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kuna mchezaji anayesahau kazi yake na kucheka. Kuna mtu anayengoja, hajui kama kamera inazunguka. Kuna barabara kabla mchezaji hajaingia, na barabara ile ile baada ya yeye kutoka: maduka, motokari, wapita njia, mama na mtoto wake. Mara nyingi hakuna sauti, kwa sababu sauti ilishikwa mbali na picha. Ni macho tu yanayofanya kazi.

KWA NINI RANGI?

Hapa kuna jambo la kushangaza. Watu wengi wafikiri kwamba filimu za shule za zamani zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ndivyo walivyoziona. Lakini Coronet ilipiga filimu zake kwa rangi, tangu mwanzo. Kopi ya rangi ilikuwa na bei kali, kwa hiyo shule nyingi zilinunua kopi nyeusi na nyeupe. Mtoto aliona kijivu, lakini filimu ya kwanza, ile iliyokaa ndani ya kamera, ilikuwa na nyekundu, samawati na kijani.

Filimu hiyo ya rangi iliitwa Kodachrome. Ilitoka mwaka 1935, na waliovumbua walikuwa watu wawili wapiga muziki, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Ina tabaka tatu, kila tabaka hushika mwanga wa rangi yake. Dawa zenye kuleta rangi hazimo ndani ya filimu. Zilitiwa kiwandani wakati wa kuiosha. Kwa ajili hiyo filimu hubaki safi, na ikikaa gizani rangi zake zadumu miaka mingi sana. Ubaya wake ni kwamba ilitaka mwanga mwingi. Ndiyo maana taa za kupigia sinema ndani ya nyumba zilikuwa kali, na wachezaji walitoka jasho. Kodachrome haitengenezwi tena tangu mwaka 2009.

Kopi za rangi zilizokwenda shuleni mara nyingi zilikuwa za namna nyingine. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, kopi nyingi zilikuwa na rangi dhaifu. Samawati ilikufa kwanza, na mwisho kila kitu kikawa chekundu kama udongo wetu wakati wa kiangazi. Tena kopi hizo zilipita mara mia mbele ya taa ya moto, zikakwaruzwa, zikakatika, zikafungwa kwa gundi.

Na vile vipande vilivyokatwa? Vilikuwa Kodachrome yenyewe. Havikupita mbele ya taa hata kidogo. Vilifungwa katika kopo la bati, kopo likawekwa gizani, likasahauliwa. Basi, ndugu, angalia: kile kilichochaguliwa kilichakaa, na kile kilichotupwa ndicho kilichotunza rangi.

NAMNA VILIVYOPATIKANA

Miaka ya 1970 na 1980 ukanda wa video ulikuja. Shule zikatupa filimu zao. Nyumba za sinema zikafungwa, makopo yakaachwa chini ya nyumba na katika maghala. Watu wengi waliona ni takataka.

Mtu mmoja, Rick Prelinger, hakuona hivyo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 alikusanya filimu ambazo hakuna aliyezitaka: za shule, za viwanda, za matangazo, za nyumbani, na pamoja nazo vipande visivyotumiwa. Zikafika zaidi ya 60,000. Mwaka 2002 maktaba kubwa ya serikali ya Marekani, Library of Congress, ilizichukua ili izitunze. Maelfu yake yaweza kuonwa bure kwa intaneti.

Tangu mwaka 2006 Prelinger huonyesha watu wa San Francisco picha za zamani za mji wao, na vipande vilivyokatwa vimo ndani. Hakuna muziki, hakuna mwenye kueleza. Anawaomba watazamaji waseme kwa sauti. Mmoja aita jina la barabara, mwingine jina la duka lililobomolewa. Kile ambacho fundi alikikata kwa sababu hakimfundishi mtoto lolote, leo chafundisha mji mzima.

HATARI ILIYO NDANI YA KOPO

Ukurasa huu ni wa usalama, basi tuseme wazi: filimu ya zamani si kitu cha kuchezea.

Hadi mwanzo wa miaka ya 1950, filimu nyingi za sinema kubwa, zile za milimita 35, zilikuwa za nitrati. Nitrati hiyo ni ndugu wa pamba ya baruti. Ikishika moto yajitolea hewa yenyewe ya kuwakia, kwa hiyo yaweza kuendelea kuwaka hata ndani ya maji. Moshi wake una gesi ya rangi ya kahawia, ile ile ambayo wachimbaji wanaijua baada ya kulipua mwamba. Mtu aivuta, ajiona mzima, na baada ya saa nyingi mapafu yake yajaa maji.

Tarehe 15 Mei 1929, katika lopitali moja kubwa ya mji wa Cleveland, filimu za radiografia za nitrati zilipata joto na kuwaka chini ya nyumba. Gesi ikapanda kwa njia za hewa na ngazi. Watu zaidi ya 120 walikufa, wagonjwa, waganga na wauguzi, na wengi wao moto haukuwagusa. Desemba 1978, karibu na Washington, ghala la serikali lenye filimu za nitrati liliungua. Mamilioni ya futi za filimu za habari zilipotea, na nyingi zilikuwa vipande visivyotumiwa. Hakuna atakayeviona tena.

Filimu ya milimita 16 ilitengenezwa tangu mwaka 1923 kwa asetati, isiyowaka kwa ukali, kwa sababu ilikusudiwa kwa shule na nyumba za watu. Pembeni mwake mara nyingi huandikwa « SAFETY », maana yake usalama. Asetati nayo ina ugonjwa wake. Ikikaa penye joto na unyevu, yaanza kunuka siki. Kopo moja lenye ugonjwa huo laambukiza mengine. Filimu hujikunja, hukauka, huvunjika.

NA KWETU?

Usifikiri ni habari ya Marekani tu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, zilitengenezwa filimu 35 za mafunzo kwa watu wa Afrika ya Mashariki, na Kiswahili ni moja ya lugha zilizosemwa ndani yake. Zilizobaki ni chache sana. Hapa Congo, Gérard De Boe alifika kwa kazi ya afya, kisha akashika kamera na kupiga filimu nyingi. Katika Kasai, mapadri walipiga vichekesho vya Matamata na Pilipili. Kila mmoja wa hao alikuwa na kikapu cha vipande alivyovikata. Ndani yake mlikuwa nyuso za babu zetu wakingoja, wakicheka, wakifanya kazi kwa namna yao, si kwa namna waliyoagizwa.

Fikiri tena juu ya rangi. Malakiti, jiwe letu la kijani, katika picha nyeusi na nyeupe ni jiwe tu. Taa nyekundu na taa ya kijani zaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana wafundishaji wa usalama walipenda rangi. Mwaka 1959, huko Mansfield katika jimbo la Ohio, filimu Signal 30 ilionyesha ajali za kweli za barabarani, kwa rangi, ili dereva kijana aone kwamba damu si kijivu.

KIPANDE CHA KAZI YAKO

Sasa tuje kazini. Filimu ya usalama huonyesha mfanyakazi avaaye miwani, glovu na viatu vizuri. Lakini kama mara ya kwanza alisahau miwani na mpiga picha akasema « anza tena », kile kipande cha kwanza hakikufika mbele ya watu. Na hicho ndicho chenye kuonyesha mkono wa mtu unavyokwenda wenyewe, akiwa na haraka, akiwa amechoka.

Ripoti ya mwisho wa kazi ni kama filimu iliyokwisha kukatwa. Inasema: « Hakuna ajali. » Vizuri. Lakini jiwe lililoanguka pale uliposimama dakika moja mbele, liko wapi katika ripoti? Kamba iliyoteleza bila kuumiza mtu? Motokari iliyorudi nyuma bila mlio? Hivyo ni vipande ulivyovikata. Usivitupe. Mwambie shefu wako, ziandikwe siku ile ile, rangi yake ingali mbichi. Kesho jiwe lile litaanguka tena, na labda mwenzako ndiye atakayekuwa amesimama pale.

UKIPATA KOPO LA FILIMU YA ZAMANI

1. Usivute sigara karibu nalo, wala usiliweke juani, karibu na jiko au chini ya taa ya moto.

2. Angalia upana. Kama ni milimita 35 na ya kabla ya miaka ya 1950, au kama filimu inanata, ina povu au unga wa kahawia, iache. Waite watu wa usalama.

3. Kama inanuka siki, itenge na nyingine. Fungua madirisha, na watoto wakae mbali.

4. Usiipitishe katika mashini ya zamani ili kujaribu. Itakatika. Ipeleke kwa fundi anayejua.

5. Weka kopo pakavu na baridi, mbali na sakafu ya simenti inayotoa maji.

6. Andika juu ya karatasi: imetoka wapi, ni ya mwaka gani, ni nani wanaoonekana. Waulize wazee leo. Filimu bila majina ni picha ya watu wageni.

7. Usitupe kipande chochote kwa sababu ni kifupi au hakina sauti.

Mama wa nyumbani, shauri hili ni lako pia. Foto za rangi za familia zina adui wale wale: jua, joto na maji. Moja iwe ukutani, nyingine ikae gizani ndani ya bahasha ya karatasi. Ile ya gizani ndiyo wajukuu wataiona na rangi zake.

KILICHOKATWA BADO KINA LA KUSEMA. TUKITUNZE, TUKISEME, KABLA HAKIJAPOTEA.