Nchi ilipokatwa vipande: kumbukumbu za familia ya Bukavu



Vijana wetu wengi wamezaliwa kambini. Wanasikia wakubwa wakisema "wakati wa RCD" au "wakati wa moja jumlisha nne", halafu wanauliza: Papa, Kongo iligawanyika namna gani? Na iliungana namna gani? Swali ni zuri, tena ni haki yao. Nawaandikia kutoka Kacyiru, hapa Kigali, niwaeleze niliyoyaona na jinsi mambo yalivyokwenda.

Mstari katikati ya nyumba

Vita ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Katika miezi michache nchi ilikuwa na wakubwa wengi. Serikali ya Kinshasa ilibaki na magharibi na sehemu ya kusini. RCD ilitawala mashariki, makao yake Goma. Kaskazini, upande wa Gbadolite, ilikuwa MLC ya Jean-Pierre Bemba. Baadaye RCD yenyewe ikapasuka, kundi lingine likashika upande wa Beni na Bunia. Majeshi ya nchi jirani yalikuwa pande zote mbili.

Sisi tulikuwa Bukavu. Kaka yangu mkubwa, tuliyemwita Yaya, alikuwa ametangulia Kinshasa kutafuta kazi. Kuanzia Agosti ile, mama alikuwa na mtoto katika nchi moja ambayo imekuwa kama nchi mbili. Njia ya moja kwa moja hakuna. Mwenye pesa alitoka nje ya Kongo, akapitia Kigali na Nairobi, ndipo akaingia Kinshasa kama mgeni. Sisi pesa hiyo tungeitoa wapi?

Kilichotusaidia ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Wengi wenu mnaifahamu ile karatasi. Inakwenda wazi, bila bahasha ya kufungwa, na inasomwa kabla ya kupita. Habari za familia tu: nani mzima, nani ameoa, nani amezaa, nani amefariki. Siasa hapana, askari hapana.

Mwaka 2000 nyanya yetu alifariki. Mama aliandika karatasi. Kabla haijafika, Yaya naye alikuwa ameandika yake: "Mumwambie nyanya nimepata mtoto wa kike, nimemupa jina lake." Barua mbili zikapishana njiani. Ya kwetu ilimfikia baada ya miezi mitano. Miezi hiyo yote mtu mzima alikuwa anamsalimia marehemu. Nikisikia watu wanasema vita ni mambo ya wakubwa, nakumbuka ile karatasi.

Vitu vilivyovuka mstari

Hata hivyo nchi haikukatika yote. Mwaka 1999 mapigano yalisimamishwa sehemu nyingi ili watoto wapate chanjo ya polio. Tarehe 25 Februari 2002 ilianza Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi, ikisema Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Mtu wa Bukavu na mtu wa Kinshasa walikuwa wanasikia habari zilezile, siku ileile. Mama hakuwa anapenda redio. Lakini hiyo aliifungua kila jioni, akisema: "Yaya yenu naye anaisikia sasa hivi."

Jinsi ilivyoungana

Kuungana hakukuja kwa siku moja. Mapatano ya Lusaka yalitiwa saini Julai 1999, lakini risasi haikunyamaza. Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila aliuawa, mwanae Joseph akashika nafasi. Mwaka 2002 Wakongomani walikaa Sun City, Afrika Kusini. Tarehe 30 Julai mwaka huohuo Kongo na Rwanda zilitia saini Pretoria kuhusu kuondoa majeshi, na Septemba Kongo na Uganda zikafanya hivyo Luanda. Tarehe 17 Desemba 2002 pande zote za Kongo zilikubaliana kugawana serikali.

Tarehe 30 Juni 2003 serikali ya mpito ilitangazwa: rais mmoja na makamu wanne. Makamu hao walikuwa Azarias Ruberwa wa RCD, Jean-Pierre Bemba wa MLC, Abdoulaye Yerodia wa upande wa serikali, na Arthur Z'ahidi Ngoma wa upinzani usio na silaha. Hiyo ndiyo "moja jumlisha nne". Bunge likawa na wabunge 500 kutoka pande zote.

Yaya alifika Bukavu mwisho wa mwaka 2003. Watu walijaa nyumbani. Mama alimshika mkono na, kabla ya chakula, akampeleka kwenye kaburi la nyanya. Watoto wake walijua Lingala tu, wetu Kiswahili tu. Siku ya kwanza walitazamana kama wageni. Siku ya pili walitafuta mpira, maneno yakaja yenyewe.

Karatasi na moyo

Lakini wazazi wenzangu, tuseme ukweli. Ofisi ziliungana haraka, mioyo ilichelewa. Askari waliochanganywa katika jeshi moja waliendelea kuangaliana vibaya. Juni 2004 Bukavu ilishikwa tena kwa silaha, watu wakauawa, wengi tukavuka kuja Rwanda. Nyabiheke ilifunguliwa mwaka 2005. Wenzetu walipopiga kura mwaka 2006, sisi wakimbizi tulikuwa nje. Mwaka 2012 ikaja vita nyingine, Kigeme ikafunguliwa. Na mwaka 2025 mstari ulichorwa tena: mwisho wa Januari M23 iliingia Goma, Februari ikaingia Bukavu. Benki zikafungwa, familia zikabaki huku na huko. Mapatano yalitiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025, lakini tumeshajifunza kwamba saini ni mwanzo wa kazi.

Hapa Kacyiru, pale Urugwiro, Wanyarwanda walikutana kila Jumamosi kuanzia Mei 1998 hadi Machi 1999 kuongea juu ya umoja wa nchi yao. Karibu mwaka mzima wa kukaa na kusikilizana, na hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu. Haraka haraka haina baraka.

Tufanye nini sisi?

Kwanza, tusikate kamba ya familia. Kama simu ya ndugu yako haipatikani, huduma ya Msalaba Mwekundu ya ujumbe na kutafuta waliopotea ipo, tena ni bure. Pili, tuandike kwenye daftari majina ya babu, nyanya, mashangazi na vijiji vyao, ili mtoto aliyezaliwa kambini ajue ni wa nani. Tatu, tusiwafundishe watoto kuchukia watu wa "upande ule". Upande ule kuna Yaya wa mtu.

Yule mtoto wa kike mwenye jina la nyanya sasa ni mama. Bado yuko Kinshasa. Kiswahili chake kinachekesha, lakini kila Jumapili anapiga simu: "Shangazi, muko wazima?" Namjibu kwamba tuko.