Kupe, Ng'ombe na Kinga: Kwa Nini wa Jirani Walipona

Wanachuo wenzangu, hapa kampasi ukimwita mtu kupe kila mmoja anaelewa: ni yule anayehamia chumbani kwako siku boom linapoingia. Kwetu Mlimba kupe ni kupe kweli, na hasara yake haina utani. Nikiwa kidato cha tano, mama alinunua mtamba chotara wa maziwa ili apate ada yangu. Hata miezi miwili haikuisha. Mtamba alivimba tezi chini ya masikio, akapandwa na homa, akahema kwa shida, akafa. Ng'ambo ya reli ya TAZARA, ng'ombe wa jirani yetu Msukuma, wale wenye nundu, walikuwa na kupe na bado wananenepa. Watu wakasema mama karogwa. Jibu nimelipata baadaye, nikisoma biolojia ambayo nitakwenda kuifundisha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi tunayachanganya: kinga dhidi ya kupe mwenyewe, na kinga dhidi ya ugonjwa anaouleta.

Kupe akinyonya hutema mate. Mate hayo huzuia damu isigande na kuzilaza seli za ulinzi mahali pale. Ng'ombe anayeumwa mara ya kwanza hana la kufanya, lakini mwili unajifunza. Akiumwa tena, kingamwili na seli za ulinzi hukimbilia palipoumwa, ngozi inavimba na kuwasha, ng'ombe anajilamba na kujikuna. Kupe wengi hung'oka kabla ya kushiba, na wanaoshiba hutaga mayai machache. William Trager alilionyesha jambo hili kwa simbilisi wa maabara mwaka 1939. Ng'ombe wenye nundu hujenga kinga hii vizuri kuliko wa Kizungu, na sehemu yake hurithiwa.

Sasa ugonjwa. Ndigana kali huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Kijidudu huingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuzifanya ziongezeke ovyo. Ndiyo maana tezi huvimba. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe huambukizwa mapema. Wapo wanaokufa, ila wengi huugua kidogo, wakapona, na mwili unabaki ukimkumbuka adui. Mtamba wetu alitoka kwenye zizi la kuogeshwa kila wiki. Alikuwa msafi, lakini mwili wake haukuwahi kukutana na ndigana.

Je, tuache kuogesha? Hapana jamani! Chotara bila dawa ya kupe atakwisha. Hatari iko kwa anayeogesha miaka yote, halafu josho likaharibika au hela ya dawa ikakata. Kundi zima linakutana na kupe likiwa halina kumbukumbu yoyote.

Ipo njia ya kumpa ng'ombe kumbukumbu hiyo bila kubahatisha. Chanjo ya ndigana, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, ina vijidudu hai vya aina tatu, mojawapo asili yake Serengeti. Ng'ombe huchomwa vijidudu hivyo pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Anaugua kidogo tu, dawa inauzuia ugonjwa usimzidi, na kinga hudumu miaka mingi. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa nchi wameichangamkia. Kikwazo ni kwamba chanjo hai lazima ikae kwenye mtungi wa naitrojeni baridi, kwa hiyo kuifikisha vijijini ni gharama. Tena haizuii kupe wala magonjwa yao mengine, kama ndigana baridi. Kuogesha kunaendelea.

Mama amenunua mtamba mwingine. Safari hii, kabla ya kuuliza anatoa lita ngapi, alimuuliza muuzaji: "Huyu amechanjwa ndigana?"