Ramani Inapokataa Kufunguka

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu, wilaya ya Kibondo, na huko niliona jambo ambalo nadhani si vibaya kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu. Shule moja ya jirani ilikuwa imepata fedha za kujenga nyumba ya walimu. Wazazi walikwisha kusomba mawe na mchanga, matofali ya kuchoma yalikuwa tayari, na mjomba wangu, ambaye ni mwashi, alikuwa amepewa kazi hiyo. Kilichokosekana ni ramani. Nayo ikaja, lakini haikuja katika karatasi. Ilikuja ndani ya fleshi. Tukaenda nayo mjini kwenye duka la stesheneri ili ichapwe. Kijana wa dukani akaichomeka fleshi, akabonyeza faili, na kompyuta ikajibu kwamba haiwezi kulifungua.

"Mjomba," mjomba akaniambia, "wewe si unasoma kompyuta huko shuleni? Hebu itazame."

Nikaitazama. Jina la faili lilimalizika kwa herufi DWG, kama yalivyo mafaili ya ramani zilizochorwa kwa programu iitwayo AutoCAD, na duka lile lilikuwa na programu hiyo hiyo. Basi nikafanya kosa ambalo nalisema hapa bila kuficha. Nililibadili jina lile, nikafuta DWG na kuandika PDF mahali pake, maana nilijua kwamba PDF hufunguka kila mahali. Halikufunguka, na watu waliokuwa nyuma yetu katika foleni walianza kuguna.

Tukarudi mikono mitupu. Vibarua walikuwa wamekwisha kufika na mvua zilikuwa zinanyesha, kwa hiyo kamati ikaamua waanze kuchimba msingi kwa kufuata ramani ya nyumba ya mwalimu iliyojengwa zamani. Hata siku ya nne mtu aliyetumwa Kasulu alirudi na ramani yenyewe, iliyochapwa huko kwa kompyuta mpya zaidi. Kumbe nyumba iliyotakiwa ilikuwa ya familia mbili, nayo ilikuwa pana kuliko ile ya zamani kwa zaidi ya mita moja. Mitaro miwili ilikuwa imechimbwa mahali pasipotakiwa, na usiku mvua ilikuwa imeijaza maji. Ikabidi ifukiwe na mingine ichimbwe. Sikuwahi kuona mjomba wangu amekaa kimya muda mrefu namna ile.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa kompyuta, nikasoma na vitabu alivyonipa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Programu ya AutoCAD ilianza kuuzwa mwaka 1982 na kampuni ya Autodesk ya Marekani. Tangu hapo kampuni hiyo imekuwa ikitoa toleo jipya mara kwa mara, na siku hizi hutoa kila mwaka. Kila toleo huongezewa uwezo ambao lililotangulia halikuwa nao. Uwezo huo mpya sharti uandikwe ndani ya faili, na kwa hiyo, baada ya miaka michache, namna yenyewe ya kuandika faili hubadilishwa. Herufi DWG za mwisho wa jina hubaki zile zile. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kama nilivyodanganyika mimi: twadhani kwamba mafaili yenye jina la ukoo mmoja husema lugha moja.

Mfano wake tunao hapa kwetu. Mwaka 2012 wilaya ya Kakonko ilikatwa kutoka Kibondo, na wilaya ya Buhigwe kutoka Kasulu. Mtu mwenye ramani ya mkoa wa Kigoma iliyochapwa mwaka 2005 aweza kuitafuta wilaya ya Kakonko kutwa nzima asiione, maana ilipochapwa haikuwako. Lakini mwenye ramani mpya, akipewa barua ya zamani isemayo "Kakonko, wilaya ya Kibondo", huelewa mara moja. Ndivyo zilivyo programu hizi. Toleo jipya husoma mafaili ya zamani bila taabu. Toleo la zamani haliwezi kusoma faili jipya, kwa sababu waliolitengeneza hawakujua yatakayokuja.

Lipo jambo moja lililonipendeza sana katika habari hii. Kila faili la DWG huanza kwa alama sita zinazotaja namna lilivyoandikwa, na mtu yeyote aweza kuzisoma kwa kulifungua faili hilo kwa programu ndogo ya Notepad iliyomo katika kompyuta nyingi. Ukurasa utajaa alama zisizosomeka, lakini zile sita za mwanzo zi wazi. Ukiona AC1015, faili liliandikwa kwa namna ya toleo la 2000. AC1018 ni namna ya 2004, AC1021 ni ya 2007, AC1024 ni ya 2010, na AC1027 ni ya 2013. AC1032 ilianza na toleo la 2018, na matoleo yaliyofuata yameendelea nayo. Nilikuwa nimenakili faili lile la Kibondo, nikalitazama kwa kompyuta ya shule: AC1032. Programu ya duka lile ilikuwa toleo la 2010. Na hapo nikafahamu pia kwa nini kubadili jina hakukufaa kitu, maana jina liko nje ya faili na alama zile ziko ndani.

Sasa, dawa yake ni nini? Iliyo rahisi kuliko zote iko mikononi mwa aliyechora. Anapohifadhi kazi yake aweza kuchagua iandikwe kwa namna ya zamani, mathalani ya 2007 au hata ya 2000, na jambo hilo halimchukui dakika moja. Kama mchoraji hapatikani, Autodesk yenyewe hutoa bure programu iitwayo DWG TrueView, ambayo hufungua mafaili mapya na kuyageuza yawe ya namna ya zamani. Lakini ni kubwa, na kuipakua huhitaji mtandao wenye nguvu. Njia nyingine ni faili la DXF. Hili lilianza pamoja na AutoCAD mwaka 1982, na kampuni imeeleza hadharani jinsi linavyoandikwa, hata programu nyingine huweza kulisoma, kama LibreCAD ambayo haiuzwi. DXF nalo lina matoleo yake. Lile la mwaka 1992, liitwalo R12, husomwa karibu kila mahali, ila mistari iliyopinda kwa ustadi hukatwa ikawa vipande vifupi vilivyonyooka. Kwa nyumba ya walimu yenye pembe za mraba, hasara hiyo ni ndogo.

Mtu aweza kuuliza kwa nini DWG nayo isielezwe hadharani. Kampuni haikupenda. Mwaka 1998 makampuni mengine yaliunda umoja wao, ambao sasa huitwa Open Design Alliance, wakaichunguza namna ya kuandikwa kwake hatua kwa hatua mpaka programu zao zikaweza kuifungua. Lakini kila inapobadilishwa huwabidi kuanza kuichunguza tena. Naelewa kwamba mfanya biashara hulinda mali yake. Hata hivyo, ramani ya nyumba iliyojengwa kwa fedha ya umma na mawe yaliyobebwa kichwani na mama zetu, kuona imefungiwa ndani ya maandishi ambayo mwenyewe hutoa ruhusa ya kuyasoma, jambo hilo halinipendezi. Programu nyingine ya wachoraji wa majengo, iitwayo Revit, ambayo ni ya kampuni hiyo hiyo, ni kali zaidi: faili lake likiisha kuhifadhiwa katika toleo jipya, haiwezekani kabisa kulirudisha katika toleo la zamani.

Tena isidhaniwe kwamba faili likifunguka matata yamekwisha. Kama mchoraji alitumia aina ya herufi isiyokuwamo katika kompyuta ya pili, hutiwa herufi nyingine badala yake, na maneno huweza kupandana juu ya mistari au kugeuka alama za kuuliza. Kama aliunganisha ramani na faili la pili, mathalani mchoro wa kiwanja chenyewe, na katika fleshi akatia faili moja tu, basi ule wa pili hautaonekana.

Lililo la hatari kuliko yote ni vipimo. Ramani ya kipimo cha 1 kwa 100 huonyesha ukuta wa mita 4 kwa mstari wa sentimita 4. Ikiwa ilipangwa kwa karatasi ya A3, na duka lina A4 tu, kompyuta huipunguza ili ienee, na mstari ule huwa sentimita 2.8 hivi. Maandishi ya pembeni bado yasema 1 kwa 100! Mwashi akipima kwa rula atajenga chumba cha mita 2.8, na kitanda kitaingia kwa shida. Mjomba wangu hapimi karatasi kwa rula hata siku moja. Yeye husoma tarakimu zilizoandikwa kando ya ukuta, na zisipoandikwa hurudisha ramani.

Kwa sababu hiyo PDF, ile niliyotaka kuipata kwa hila, yafaa sana ikitengenezwa kwa haki na mchoraji mwenyewe, tarakimu zote zikiwa zimeandikwa. Hufunguka hata katika simu ya mkononi, na herufi zake hazibadiliki. Ila si rahisi kuirekebisha. Mhandisi akitaka dirisha lisogezwe, atahitaji DWG. Ni vema kupewa zote mbili.

Nilikwenda tena nyumbani likizo iliyofuata. Kuta za nyumba ile zilikuwa zimefika kwenye linta, na mjomba alikuwa amepata kazi ya vyoo vya shule nyingine. Mchoraji alipomkabidhi fleshi, mjomba hakuipokea mara moja.

"Hii umeiandika kwa namna ya mwaka gani?" akauliza.

Mchoraji alimtazama, kisha akaichukua fleshi yake na kurudi kwenye kompyuta.