TAA ZA GARI ZILIZOPAUKA: UKUNGU WA KIOO NA UKUNGU WA MLIMA

  

 

Katika jarida letu tumezoea kusoma mada za twahara, swala na sira. Safari hii tutazungumzia taa za mbele za gari. Huenda mtu akauliza: taa za gari na madrasa wapi na wapi? Zinahusiana sana. Mwezi wa Rabiul Awwal wanafunzi husafiri kwenda kwenye maulidi Soni, Bumbuli, Mlalo au Korogwe, na mara nyingi hurudi usiku. Katika Ramadhani waumini hutoka tarawehe na kutembea kando ya barabara gizani. Mzazi anapompandisha mwanawe kwenye Noah au Coaster ya kukodi, amemkabidhi dereva amana. Dereva huyo akiwa na taa zilizopauka, haioni vyema njia iliyobeba amana ile.

Kwa nini kioo cha taa hupauka?

Magari ya zamani, mfano Land Rover zile zenye taa za duara, yalikuwa na kioo halisi mbele ya taa. Kioo halisi hakipauki kwa jua. Kinachoharibika ni ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu, ambayo mafundi huiita riflekta, ikiingiwa na maji na kutu. Mwaka 1983 Marekani iliruhusu taa zenye kioo cha plastiki ambacho balbu yake hubadilishwa, na baadaye plastiki hiyo ikaenea duniani kote. Inaitwa polikaboneti. Ni nyepesi, haivunjiki upesi kwa jiwe, na hufinyangwa kwa umbo lolote. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, ambayo tunayaona kila siku stendi ya Lushoto, yana taa za aina hii.

Plastiki hii ina adui mkubwa, nayo ni miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo miale ya urujuanimno. Kwa hiyo kiwandani hupakwa kinga nyembamba juu yake. Jua, vumbi, mchanga unaorushwa na gari la mbele, na kufutwa kwa tambara kavu, vyote huila kinga hiyo mwaka hadi mwaka. Ikiisha, plastiki yenyewe huanza kuungua. Huwa ya njano, kisha nyeupe kama maji ya mchele. Wala tusidhani kuwa baridi ya Lushoto inazilinda taa zetu. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo miale hiyo inavyozidi ukali, kwa kuwa hewa ya kuizuia inapungua.

Ukungu juu ya ukungu

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alieleza kwa majaribio kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Taa ya gari imetengenezwa kwa kutumia kanuni hiyo. Ukiwasha dimu, mistari ya mwanga hulala barabarani na ukingoni, na sehemu ya juu huachwa giza ili anayekuja asiumizwe macho.

Kioo kikipauka, mistari hiyo huvunjika. Kila mkwaruzo hutupa mwanga upande wake. Hapo hutokea madhara mawili kwa pamoja: barabara inakosa mwanga, na mwanga uliopotea unapanda juu na kuingia kwenye macho ya wengine. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018. Kilikuta kuwa taa zilizopauka zikiwa kwenye dimu hutoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Sasa tutazame barabara yetu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo, kona baada ya kona. Malori ya mboga na matunda huiteremka yakielekea Dar es Salaam. Ukipita mjini kuelekea Magamba, ukungu huweza kushuka ghafla. Ukungu ni matone madogo sana ya maji. Mwanga unaopanda juu hugonga matone hayo na kumrudia dereva kama ukuta mweupe. Ndiyo maana kuwasha fulu ndani ya ukungu huzidisha upofu, na dereva mwenye busara hutumia dimu na kupunguza mwendo. Lakini mwenye kioo kilichopauka, hata dimu yake hutupa mwanga juu. Ukungu wa mlima hatuna uwezo nao. Ukungu wa kioo uko mikononi mwetu.

Kagua kabla ya kutoa fedha

Kwanza, tazama taa mchana. Ikiwa weupe uko nje, taa inaweza kusafishika. Ikiwa ndani kuna maji, au riflekta imeungua na kupoteza mng'aro, kusugua nje hakutasaidia.

Pili, kagua umeme. Mara nyingi taa huwa hafifu kwa sababu waya wa "ethi" umeshika kutu. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30. Fundi umeme akisafisha maungio, taa inaweza kurudi bila kununua chochote.

Tatu, tazama mpira wa kufunika nyuma ya taa. Ukikosekana, vumbi na unyevu huingia.

Namna ya kusafisha

1. Osha taa kwa maji na sabuni mpaka mchanga wote utoke.
2. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka taa ili rangi ya gari isikwaruzwe.
3. Sugua kwa msasa wa maji. Anza na namba 800 au 1000, kisha 1500, umalizie na 2000. Msasa na taa viwe na maji muda wote. Usishangae taa ikizidi kuwa nyeupe mwanzoni, maana unaondoa ngozi iliyoungua.
4. Suuza, kausha, kisha ng'arisha kwa polishi ya kusagia inayotumiwa na mafundi rangi, mpaka kioo kiwe angavu.
5. Futa kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya polishi.
6. Paka vanishi angavu yenye kinga ya miale ya jua, iliyotengenezwa kwa ajili ya taa au plastiki. Acha ikauke kivulini, pasipo vumbi, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Hatua ya sita ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Taa iliyosuguliwa bila kupakwa kinga ni kama kidonda kilichoondolewa kigaga na kuachwa wazi. Itapendeza kwa muda mfupi, kisha itapauka upesi kuliko mwanzo.

Dawa ya meno husugua kidogo lakini haiachi kinga, kwa hiyo faida yake haidumu. Dawa ya mbu ya kupaka hulainisha plastiki na kuifanya ing'ae kwa siku chache huku ikiiharibu. Petroli na thina huipasua. Tuviepuke.

Katika vipimo vile vya mwaka 2018, taa zilizosafishwa zilirudisha mwanga hadi karibu asilimia 70. Hiyo ni nafuu kubwa, ingawa si sawa na taa mpya.

Wakati wa kubadilisha

Kama taa ina ufa, inaingia maji, au riflekta imekufa, badilisha taa nzima. Vipimo hivyo vilionesha kuwa taa mpya halisi za kiwanda cha gari hurudisha mwanga wote. Taa mpya za watengenezaji wengine zilirudisha asilimia 83 hadi 90, lakini baadhi yake hazikuelekeza mwanga sawasawa. Wengi wetu hununua taa zilizotumika, Gerezani Kariakoo au Tanga. Si vibaya, ila itazame juani, ndani na nje, na ununue zote mbili ili zilingane.

Muulize pia muuzaji taa imetoka nchi gani. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo dimu ya gari la kwao huinua mwanga kidogo upande wa kushoto, penye ukingo na waendao kwa miguu. Taa ya gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama nchi za Ghuba, huinua mwanga kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja.

Balbu kali si dawa

Baadhi ya madereva wakiona giza hununua balbu kali. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Ukiweka ya wati 100, joto lake huyeyusha soketi na kuunguza riflekta. Nazo balbu za LED zilizopachikwa kwenye taa ya halojeni mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, kwa sababu riflekta haikuundwa kwa ajili yake. Na kama kioo kimepauka, balbu kali huzidisha tu mwanga unaowapofusha wengine. Ukibadilisha balbu ya halojeni usiishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema.

Kuelekeza taa

Taa ikisafishwa au kubadilishwa lazima ielekezwe upya. Tafuta mahali tambarare, jambo ambalo huku kwetu lina kazi yake. Uwanja wa mpira wenye ukuta karibu unafaa. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiwa na upepo sahihi kwenye matairi. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, uweke alama ukutani. Ukiwasha dimu, mstari wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama hiyo. Kumbuka kuwa gari likipakiwa mzigo nyuma, pua huinuka na taa nazo huinuka.

Dini yatufundisha nini?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa njiani kinachowadhuru watu ni katika matawi ya imani, na kwamba hatuna ruhusa ya kujidhuru wala kuwadhuru wenzetu. Mwiba ni madhara njiani, na taa inayompofusha mwenzako kwenye kona ya Soni nayo ni madhara njiani. Ametufundisha pia kuwa mtu hufunga ngamia wake kisha akamtegemea Allah (S.W.). Dua ya safari tusiiache, lakini haiondoi wajibu wa kukagua gari.

Kwa wauzaji wa magari, tahadhari. Anayeisugua taa ing'ae siku ya kuuza tu, akamficha mnunuzi kasoro ya ndani, ameingia katika udanganyifu wa biashara uliokatazwa. Sema aibu ya bidhaa, Allah atakubariki.

Nanyi wanafunzi, msisubiri madereva peke yao. Mtembeapo usiku, piteni upande wa kulia ili mlione gari linalokuja. Kanzu nyeupe huonekana mbali. Mwenye baibui jeusi achukue tochi au ajitande kitambaa cheupe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fulu haifai ndani ya ukungu?
2. Ni hatua gani ya kusafisha taa ambayo wengi huiacha, na matokeo yake ni nini?
3. Taja madhara mawili ya kuweka balbu kali kwenye taa iliyopauka.
4. Muuzaji wa gari anawajibika kumweleza nini mnunuzi kuhusu taa?

Tunamuomba Allah (S.W.) awalinde wasafiri wetu wote. Kabla ya safari ijayo ya maulidi, mzazi na atazame taa za gari la kukodi kabla ya kulipa nauli.

Wabillahi Tawfiq.