SI JINO, SI SIKIO: NI TAYA

Ajali haina kinga, walisema wahenga. Sisi wa Pwani ya Kusini twaijua barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga: matatu zakimbizana Ukunda, bodaboda zachomoka vichochoroni Diani na Msambweni. Ajali ikitokea, watu hutazama miguu, mikono na damu. Asiyevuja damu huambiwa, "Pole, mshukuru Mungu," akaenda zake. Siku chache baadaye sikio lamuuma, kichwa chamuuma, na muhogo wa kuchoma hautafuniki!

Ndugu msomaji, weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua na ufunge kinywa. Hicho kinachocheza ndicho kiungo cha taya. Kila upande kiko kimoja, na ndani yake mna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane. Twakitumia tukila, tukiongea, hata tukipiga miayo.

Gari likifunga breki ghafla, kidevu huweza kugonga kiti cha mbele. Aangukaye na bodaboda naye huweza kutua kwa kidevu. Pigo hilo hupanda hadi kiungoni na laweza kuvunja mfupa karibu na sikio, ingawa kidevuni pana mchubuko tu. Au kile kisahani huhama, taya likawa lalia "ta!" au likakwama.

Utajuaje? Panga vidole vyako vitatu wima katikati ya meno ya mbele. Kama zamani viliingia na sasa haviingii, au meno hayakutani sawasawa, au taya laenda upande, usinunue dawa ya sikio dukani wala usikimbilie kung'oa jino zima. Nenda hospitali, kama ile ya rufaa pale Msambweni, useme wazi kwamba ulipata ajali. Ukinyamaza, daktari ataangalia sikio tu.

Mara nyingi tiba si kisu. Ni kupumzisha taya, kunywa uji, kula wali laini, na kuacha miwa, korosho na kashata kwa muda. Lakini kwa mtoto, jamani, si mchezo: mfupa uliovunjika ukipuuzwa, kiungo huweza kushikana, kinywa kisifunguke na taya lisikue.

Basi tufunge mikanda, na kwenye bodaboda tuvae helmeti inayofunika hadi kidevu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.