Haki ya Mtu Aliyeunguzwa

Katika majeraha yote yampatayo binadamu, jeraha la moto lina tabia yake ya pekee, nayo ni kwamba madhara yake hayaonekani yote siku ya ajali. Ngozi iliyoungua hadi chini huweza kufunga kidonda, jamaa wakashukuru, kisha katika miezi ifuatayo kovu likaanza kukaza, likavuta shingo upande, likakunja kiwiko na kugandisha vidole, hata mkono uliozoea jembe ushindwe kushika kijiko. Na kovu hilo huchukua mwaka au zaidi kabla ya kukomaa. Nimelitanguliza jambo hili la uganga kwa kuwa ndilo msingi wa yote nitakayosema juu ya sheria. Majeruhi wengi hupoteza haki yao kabla hawajamwona hakimu, wangali kitandani, pale wanapopokea fedha kidogo za pole na kutia dole gumba kwenye karatasi isemayo kwamba hawana dai tena.

Tuitazame kata ya Mbwawa, katika mji wa Kibaha, ambako moto huwazunguka watu kwa namna nyingi. Upo moto wa jikoni, wa kuni na mkaa na mafuta ya taa. Zipo tanuri za mkaa katika misitu ya Kibaha na Kisarawe, ambayo kwa miaka mingi imelisha majiko ya Dar es Salaam. Zipo nyaya za umeme. Vipo viwanda vilivyoongezeka mkoani Pwani. Na ipo barabara kuu ya Morogoro, ipitayo malori ya mafuta usiku na mchana. Mwenye kuungua sana hupelekwa Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na hali ikizidi hupelekwa Muhimbili. Lakini si kila moto una mlango wa sheria. Aliyeungua kwa tanuri lake mwenyewe, pasipo taksiri ya mtu mwingine, hana wa kumdai, na ni insafu kumwambia hivyo mapema kuliko kumwacha auze mbuzi wake kwa nauli ya kufuata mawakili.

Aliyeungua akiwa kazini kwa mtu, huyo hali yake ni nyingine. Zamani alihukumiwa kwa sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ambayo malipo yake yalidumaa ilhali thamani ya shilingi ikiporomoka mwaka hata mwaka. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliifuta, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015, ukichangiwa na waajiri peke yao. Faida yake kubwa ni kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Yatosha kuonyesha kuwa ajali ilitokana na kazi. Mwezi Mei 2024, bomba la mvuke lilipopasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Morogoro, na kuua watu 11, kila mwenye akili alitambua kwamba mjane hana uwezo wa kubishana na mainjinia juu ya sababu ya bomba kupasuka. Mfuko hugharamia matibabu. Humlipa asiyeweza kufanya kazi kwa muda asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, ukiwa chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Sheria humtaja kibarua pia, jambo ambalo vibarua wengi hawalijui. Ajali ni lazima iarifiwe kwa mwajiri, naye auarifu Mfuko ndani ya siku saba. Na dai lisiloletwa ndani ya miezi 12 huhatarisha haki yote.

Nje ya kazi, mdai hana budi kuthibitisha taksiri: kwamba mdaiwa alipaswa kuchukua hadhari, hakuichukua, na moto ukatokana na hapo. Kanuni hizi zilitufikia pamoja na sheria ya Kiingereza iliyopokelewa Tanganyika mwaka 1920, na mfano wake mmoja watufaa sana sisi tunaoijua taa ya mafuta. Mwaka 1958, mjini Edinburgh, mafundi wa simu waliliacha shimo wazi chini ya turubai, wamelizungushia taa za mafuta, wakaenda kunywa chai. Mtoto wa miaka minane akaingia kucheza, taa ikaanguka shimoni, mlipuko ukamuunguza vibaya. Mahakama za Scotland zilimnyima fidia kwa hoja kwamba hakuna ambaye angeweza kubashiri mlipuko wa namna ile. Mwaka 1963 majaji wa juu kabisa wakazitengua hukumu hizo, wakisema kwamba taa ya mafuta kumuunguza mtoto ni jambo la kutarajiwa, na namna hasa ya moto kuwaka haimwondolei mzembe dhamana. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila uzito wake ungalipo.

Kwa upande wa magari, sheria hulazimisha bima ya kumlinda mtu wa tatu. Hata hivyo, ajali ya Msamvu, Morogoro, ya Agosti 10, 2019, ambapo lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, na waliokufa wakazidi 100, yaonyesha ugumu wake, maana mahakama huweza kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa majeruhi mwenyewe. Mpita njia aliyekutwa na ndimi za moto hayuko sawa kisheria na aliyeinama na dumu, ingawa maumivu yao ni mamoja na huruma yangu kwao ni moja.

Basi ushahidi ndio roho ya dai. Matibabu hayangoji karatasi, lakini fomu ya polisi, PF3, itafutwe mara moja. Mashahidi waandikwe majina. Waya uliokatika au jiko lililolipuka lipigwe picha kabla halijaondolewa. Na jeraha lenyewe lipigwe picha tangu siku za mwanzo hata kovu. Mahakama hutenga fidia mahususi, yaani fedha zilizokwisha kutumika, na fidia ya jumla, yaani maumivu, ulemavu na umbo lililoharibika. Ile ya kwanza ni lazima itajwe shilingi kwa shilingi na kuthibitishwa kwa ukali. Risiti ya dawa, bandeji na nauli ya Tumbi iliyotupwa ni fedha iliyotupwa. Ile ya pili hakimu huikadiria, naye hukadiria vyema zaidi akiwa na ripoti ya daktari isemayo ni operesheni ngapi za kupandikiza ngozi zimebaki.

Hata hivyo, kusubiri kovu kukomaa kuna ukingo. Dai la taksiri hufa baada ya miaka mitatu. Akidaiwa mwenye dhamana wa serikali, halmashauri au shirika la umma kama TANESCO, hutangulizwa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa katika shauri. Asiyeweza kumlipa wakili aweza kutafuta msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu.

Mtoto amewekewa hifadhi ya ziada, na ni haki, kwa sababu mwili wake hukua ilhali kovu halikui naye, na upasuaji huweza kurudiwa miaka baada ya miaka. Muda wa dai lake hauhesabiwi mpaka afikie utu uzima; mzazi au mlezi aweza kufungua shauri kwa niaba yake hata sasa; na shauri likishafunguliwa, mlezi huyo hana ruhusa ya kupatana na mdaiwa, hata kama fedha imewekwa mezani, bila idhini ya mahakama.